Taa ya Kompyuta Yako Inamtii Nani?

Mwezi uliopita alinijia ofisini mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa amekumbatia kompyuta mpakato iliyobandikwa plasta. Ilikuwa plasta ya kawaida ya vidonda, imekatwa kipande kidogo na kubandikwa juu ya taa inayoonyesha kwamba mashine ina umeme. Alinisalimu, akakaa, akaniambia, "Mwalimu, naomba unisaidie kuizima hii taa." Chumbani kwao wanalala wanne. Usiku huilaza kompyuta bila kuizima kabisa, kwa kuwa kazi yake ya takwimu huchukua muda mrefu kuipanga upya, na taa hiyo ya buluu hung'aa na kufifia, hung'aa na kufifia, hadi alfajiri. Mwenzake wa kitanda cha juu amekwisha kumwonya mara mbili. Plasta imepunguza mwanga, haikuumaliza.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa amekwenda kwa mafundi wa taasisi iliyowagawia wanafunzi mashine hizo kwa mkopo. Hakufukuzwa wala hakudharauliwa. Fundi aliitazama taa, akaitazama plasta, akamjibu, "Hayo ni mambo ya kiwandani."

Nakuomba, ndugu msomaji, usicheke bado. Najua wapo watakaosema kwamba mwalimu amekosa la kuandika: nchi ina mijadala ya Katiba, ajira na bei ya mafuta, naye anatuletea habari za taa ndogo kuliko punje ya mtama. Nimelisikia hilo hata mezani kwa wenzangu wa idara. Jibu langu ni kwamba jibu la yule fundi ndilo jibu ambalo raia wa nchi hii amelizoea kwa kila kitu anachokilipia bila kukimiliki. Ukiuliza kwa nini mita ya umeme imesoma vile, ni mambo ya mfumo. Ukiuliza kwa nini simu yako imejaa programu usizoziweka, ni mambo ya kampuni. Mimi nimechagua kulijadili jibu hilo hapa kwenye taa kwa sababu hapa, tofauti na mahali pengine, tunaweza kulipima. Tunaweza kufungua na kuona kama kweli ni mambo ya kiwandani au ni uvivu uliovaa koti la utaalamu.

Tuanze na lile linalowezekana. Kompyuta ya mwanafunzi yule inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi huria, yaani mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa. Tangu mwaka 2006 kiini cha mfumo huo kina mpangilio maalumu wa kushughulikia taa, ulioandikwa awali na Richard Purdie. Ukifungua saraka iitwayo /sys/class/leds utakuta kila taa ambayo kiini kinaitambua imepewa folda yake. Ndani ya folda mna mafaili machache. Faili la max_brightness linakuambia kikomo cha mwanga wa taa hiyo. Faili la brightness lina namba moja tu: ikiwa sifuri, taa imezimwa, andika namba nyingine hadi kufikia kikomo, taa inawaka. Na lipo faili la trigger, ambalo ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu linaorodhesha mambo yote yanayoweza kupewa mamlaka juu ya taa hiyo: kazi ya diski, mtandao, kitufe cha herufi kubwa, saa ya kuwaka na kuzima kwa vipindi, au lisiwepo jambo lolote kabisa. Limo hata chaguo liitwalo heartbeat, mapigo ya moyo, ambapo taa hudunda mara mbili mbili mithili ya moyo wa mtu, na mdundo wake huharakishwa kadiri mashine inavyolemewa na kazi.

Naomba wasomaji wangu wasio wa fani hii watue kidogo hapa. Taa imegeuzwa kuwa maandishi. Anayejua kusoma na kuandika, na mwenye kibali cha msimamizi wa mashine, anaweza kuiuliza taa inamtii nani na anaweza kumbadilisha bwana wake. Hahitaji bisibisi wala kumpigia simu wakala. Kibali chenyewe kimewekwa wazi: mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kusoma mafaili hayo, msimamizi anaruhusiwa kuyaandika. Nimefundisha nadharia ya utawala kwa miaka mingi na sijapata mfano mfupi kuliko huu wa mamlaka inayojieleza yenyewe ilivyopangwa. Bila shaka yapo mapungufu. Majina ya mafaili ni ya Kiingereza. Ule mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulitafsiri programu ya ofisini, haukushuka hadi kwenye kina hiki, na sioni aliyeshuka baada yake. Aidha, mabadiliko unayoyaandika humo hupotea ukiwasha mashine upya, mpaka uweke kanuni ndogo ya kuyarudisha. Lakini hayo ni mapungufu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuyamaliza kwa jioni moja.

Basi tulikaa, mimi na yeye, tukafungua saraka hiyo. Tuliikuta taa ya herufi kubwa. Tuliikuta taa ya kitufe cha kunyamazisha maikrofoni. Tuliukuta mwanga wa chini ya kibodi, tukaupunguza, akafurahi. Taa ya umeme, ile yenye plasta, haikuwemo.

Sababu yake inaeleweka. Ndani ya kompyuta mpakato mna kidhibiti kidogo kilichopachikwa kwenye bodi kuu, kompyuta ndani ya kompyuta, ambacho hakilali hata mashine inapolala. Hicho ndicho kinachosimamia betri, feni, kitufe cha kuwasha na taa za namna hii. Taa inayopumua usiku chumbani kwa vijana wale haiwezi kuwa inaamriwa na Linux kwa wakati huo, maana Linux yenyewe imelala. Inaamriwa na kidhibiti, nacho kinaendesha programu yake mwenyewe iliyoandikwa na kufungwa na mtengenezaji. Mtengenezaji akitaka, anaacha mlango ambao mfumo endeshi unaweza kupitia kukiambia kidhibiti: zima taa hii. Asipotaka, au asipojali, mlango haupo, au upo na hakuna aliyeelezwa ulipo.

Kwa hiyo fundi alisema kweli, ni mambo ya kiwandani? Nakataa. Ni uamuzi wa kiwandani, na kati ya jambo na uamuzi pana tofauti kubwa, kwa maana uamuzi una mwenye nao na unaweza kubadilishwa. Google imeweka wazi msimbo wa vidhibiti vya Chromebook kwa miaka mingi. Kampuni ya Framework ya Marekani, inayotengeneza kompyuta mpakato za kufunguliwa na kutengenezwa na mwenye nazo, iliutoa msimbo wa kidhibiti chake mwaka 2022, na mwenye mashine hiyo anaweza kuiamuru hata taa ya umeme. Viwanda hivyo havikuporomoka.

Hapa ndipo watetezi wa kufuli hutoa hoja yao, na sitaki kuipuuza kwa sababu ndiyo pekee yenye uzito. Wanasema taa ni onyo. Ukimruhusu kila mtu aichezee, ipo siku betri itakuwa mahututi na taa yake imezimwa, au mtu atachomoa kifaa akidhani kimekwisha kazi kumbe bado. Ni kweli tupu. Kweli hiyo imeandikwa ndani ya Linux yenyewe. Kwa kompyuta za ThinkPad kuna kiendeshi kilichoanzishwa na Borislav Deianov na kulelewa kwa miaka mingi na Mbrazili, Henrique de Moraes Holschuh. Katika maelezo ya kiendeshi hicho mmeandikwa kwamba taa nyingi za mashine hizo zinaweza kuamriwa lakini haziwezi kuulizwa hali yake, na kwa hiyo ukiibadili taa huwezi kujua ni onyo gani umelifuta. Kwa sababu hiyo taa za hatari, kama za betri na za kituo cha kupachikia mashine, zimefungwa. Tena wameonya wanaosambaza Linux kwa umma wasizifungue. Lakini anayejijengea kiini chake kwa matumizi yake mwenyewe, anayejua afanyalo, amewekewa chaguo la kuzifungua zote.

Tazama walivyofanya. Walizuia, wakasema wamezuia. Walitoa sababu, na sababu ikaandikwa mahali ambapo mwanafunzi wa Dodoma na waziri wa Ulaya wanaweza kuisoma sawasawa. Kisha wakaacha mlango wenye onyo juu yake. Ningependa kuona ofisi moja ya umma, moja tu, inayowanyima watu jambo kwa adabu ya namna hiyo. Mtengenezaji wa mashine ya mwanafunzi wetu naye amezuia, na huenda sababu yake ni hiyo hiyo ya usalama, lakini hakuitoa. Mtu asiyetoa sababu hawezi kudai tumheshimu kwa sababu ambayo sisi wenyewe tumemtungia.

Ningeweza kuishia hapa, na makala haya yangekuwa wimbo mwingine wa kuisifu programu huria, nao tumeuimba sana. Lakini lilitokea jambo darasani ambalo lilinigeuzia hoja yangu mwenyewe, na si haki niwafiche.

Nilikuwa na semina ya wanafunzi wa sera za umma. Nikaleta kompyuta yangu kuukuu ili niwaonyeshe habari za taa na mamlaka. Kwenye kibodi yake mna kitufe cha kunyamazisha maikrofoni, na kitufe hicho kina taa: ikiwaka, maana yake maikrofoni imenyamazishwa, ongea utakavyo. Nilifungua faili la trigger la taa hiyo nikaandika none, yaani taa isimtii yeyote. Kisha nikafungua faili la brightness nikaandika 1. Taa ikawaka. Darasa zima likaona kwamba maikrofoni imenyamazishwa. Tukaendelea kuzungumza dakika tano hivi, kisha nikawachezea sauti zao wenyewe. Maikrofoni ilikuwa inarekodi muda wote. Walicheka kwanza, kama watu wanavyocheka kiinimacho.

Kisha dada mmoja aliyekaa nyuma aliuliza bila kucheka, "Mwalimu, kama wewe umeidanganya taa kwa maneno mawili, aliyeingia kwenye kompyuta yangu kwa siri atashindwa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Dada huyo hufanya kazi za kujitolea na kikundi kinachowasaidia wanawake waliopigwa majumbani. Mazungumzo yake ya kwenye kompyuta si ya mzaha. Mtu anaweza kuumizwa kwa yaliyosemwa humo. Yeye hahitaji uhuru wa kuizima taa ya maikrofoni. Anahitaji taa isiyoweza kusema uongo.

Nimeifikiria hoja yake tangu siku hiyo, na nimekubali kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Zipo taa za huduma na zipo taa za ushahidi. Taa ya umeme, mwanga wa kibodi, taa ya diski, taa ya mtandao: hizo zinanitumikia, na mtumishi anapaswa kumtii anayemtumikia. Taa ya kamera na taa ya maikrofoni haziko pale kunitumikia. Ziko pale kutoa ushahidi juu ya kile mashine inachonifanyia. Shahidi anayeamriwa na mshitakiwa si shahidi. Na tukumbuke kwamba anayeshitakiwa hapo ni programu, kwa hiyo taa ya ushahidi ikiamriwa na programu yoyote, huria au ya kufungwa, imekwisha kupoteza kazi yake. Inapaswa kutii umeme peke yake: waya uleule unaoipa nguvu kamera ndio uiwashe taa, pasiwe na faili, kidhibiti wala msimamizi katikati.

Kwamba hili si hofu ya watu wa filamu, ushahidi upo kwenye kumbukumbu za mahakama. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wilaya ya shule ya Lower Merion iliwagawia wanafunzi wake wa sekondari zaidi ya kompyuta mpakato 2,000. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutafuta mashine zilizoibwa, ambayo iliweza kuwasha kamera kwa mbali na kupiga picha. Wanafunzi waliona taa ya kijani kando ya kamera ikimetameta kwa nukta moja na kuzimika. Waliuliza. Waliambiwa ni hitilafu. Mwezi Februari 2010 familia ya kijana mmoja ilifungua kesi baada ya kijana huyo kuonyeshwa shuleni picha iliyopigwa na kompyuta akiwa nyumbani kwao, akituhumiwa kushika dawa za kulevya. Mwenyewe alisema ni peremende. Uchunguzi ulikuta makumi ya maelfu ya picha, za kamera na za skrini. Mwezi Oktoba mwaka huo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza madai.

Nimeirudia kesi hii mara nyingi darasani, na kila mara kinachoniuma ni lile jibu la hitilafu. Taa ilisema kweli. Watoto waliisoma taa sawasawa. Waliokuwa na mamlaka wakawaambia wasiamini macho yao. Linganisha na "mambo ya kiwandani", kisha uniambie kama ni lugha mbili au moja.

Halafu ikaja habari mbaya zaidi, kwamba taa yenyewe inaweza kunyamazishwa. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Matthew Brocker na Stephen Checkoway, walionyesha jinsi ya kuwasha kamera ya MacBook za kizazi cha kabla na hadi 2008 bila taa kuwaka. Wabunifu wa Apple walikuwa na nia njema: taa iliunganishwa na ishara ya kuipumzisha kamera, kamera ikiamka taa nayo iwake. Lakini kamera ilikuwa na kidhibiti chake kidogo kinachoweza kuandikwa upya. Watafiti wakakiandika upya ili kamera iipuuze ishara ya kupumzika, wakati taa bado inaitii. Kamera ikawa macho na taa ikaamini kamera imelala. Mwaka 2024 mtafiti Andrey Konovalov akaonyesha jambo la aina hiyo kwenye ThinkPad X230, mashine inayopendwa mno na sisi wapenzi wa Linux, ambayo nyingi bado zinauzwa kama mitumba. Nayo ilifanyika kwa kuiandika upya programu iliyo ndani ya kamera, bila kuifungua mashine.

Wengine wamekwenda mbali zaidi ya kamera. Mwaka 2002 Joe Loughry na David Umphress walionyesha kwamba taa za baadhi ya modemu za wakati ule zilikuwa zinametameta sawasawa na data inayopita, kiasi kwamba mwenye chombo cha kuusoma mwanga angeweza kuinasa akiwa mbali. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion wakaitumia taa ya diski kuvujisha siri kutoka kwenye kompyuta isiyo na mtandao wowote, kwa kasi iliyofika biti 4,000 kwa sekunde. Sisemi kwamba wapelelezi wamejipanga nje ya madirisha ya halmashauri zetu. Ninasema taa si pambo, na anayeiita pambo hajaitazama.

Sasa niwageukie watumishi wa umma, maana najua mnanisoma, baadhi yenu mkiwa kazini. Kompyuta zenu zimenunuliwa kwa fedha za umma. Zabuni ilitangazwa, na katika vigezo vyake mliandika ukubwa wa kumbukumbu, ukubwa wa diski, upana wa skrini, muda wa dhamana. Ni nani aliyeandika swali la nani anaiamuru taa ya kamera? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mtu huyo. Mimi si mwanasheria, lakini natumia akili ya kawaida: mwananchi anayekaa mbele ya meza yako ya ofisi, kamera ya kompyuta yako ikimtazama, anajulishwa na nini? Hakuna fomu anayoijaza wala tangazo ukutani. Taarifa pekee aliyonayo ni ile taa. Ikiwa taa hiyo inaweza kuzimwa na mtu aliyeko chumba kingine, basi umemwekea mlangoni bango ambalo mwingine anaweza kuligeuza wakati wowote.

Niliandika barua kwa kamati ya ununuzi ya taasisi moja ninayoifahamu. Niliomba mambo matatu yaingizwe kwenye vigezo vya zabuni ijayo ya kompyuta mpakato: taa ya kamera iwashwe na umeme wa kamera yenyewe pasipo programu katikati, na muuzaji athibitishe kwa maandishi; kamera iwe na kifuniko cha kusogeza kwa kidole; na taa zote nyingine ziweze kuamriwa na mfumo endeshi, au pale zinapofungwa, sababu itolewe kwa maandishi. Sikuomba Linux. Nasisitiza hilo kwa sababu kila ninapozungumza mambo haya husemwa kwamba nataka kuwalazimisha makatibu muhtasi kujifunza amri za ajabu. Anayetumia Windows naye ana uso, naye ana sauti. Nilijibiwa kwa aya moja kwamba vigezo vya kiufundi vimezingatiwa kwa mujibu wa taratibu. Nimeisoma aya hiyo mara kadhaa nikitafuta kama imo taa. Haimo.

Kwa wanafunzi wangu na vijana wa harakati nina neno tofauti, na huenda halitawapendeza. Tumejenga kiburi fulani katika jumuiya ya programu huria. Tunadhani mtu akishaweka Linux amekombolewa. Mwanafunzi mwenye plasta ana Linux, na bado taa haimtii. Mashine yangu ina Linux, na ni Linux hiyohiyo iliyoniwezesha kuwadanganya wanafunzi wangu. Uhuru wa msimbo ni jambo kubwa, lakini unaishia pale kidhibiti cha kufungwa kinapoanzia, na wengi wetu hatujawahi kuuliza mpaka huo uko wapi. Tunazungumza habari za Torvalds na Stallman kwa hisia nyingi, ilhali hatujafungua saraka moja iliyo ndani ya mashine zetu wenyewe. Yule mwenye plasta, aliyekuja kwa sababu ya usingizi tu, alikuwa karibu zaidi na swali kuliko mwanaharakati aliyejaza stika nyuma ya skrini yake.

Na plasta, kwa kweli, si ufumbuzi wa kudharauliwa. Juu ya kamera ni bora kuliko taa nyingi ninazozijua, kwa kuwa hakuna programu inayoweza kuibandua. Kwa maikrofoni haisaidii, sauti hupenya. Ndiyo maana kwa dada yule wa semina nilishauri asitegemee taa ya kitufe kabisa. Pale mashine inaporuhusu, azime maikrofoni ndani ya mpangilio wa awali wa kuwashia mashine, kabla mfumo endeshi haujaanza, na atumie maikrofoni ya kuchomeka anapoihitaji. Ni usumbufu. Ameukubali kwa sababu anajua ni nani wanaoweza kuumia.

Leo jioni, kama una Linux, fungua dirisha la amri uandike ls /sys/class/leds. Hesabu majina utakayoyaona. Kisha geuza kompyuta yako pande zote uhesabu taa zilizo kwenye mwili wake. Usishangae ukikuta kwenye orodha taa ambayo mwilini haipo, hasa ile ya scrolllock, maana kibodi hujitangaza hivyo hata isipokuwa nayo, hiyo usiihesabu. Ninachotaka kujua ni taa ngapi zipo mwilini na hazipo kwenye orodha, na kama ya kamera ni miongoni mwake. Kwa kamera, kutokuwemo kwenye orodha ni dalili njema lakini si ithibati, kama mlivyoona kwa ile X230. Niandikieni hesabu hizo pamoja na aina ya mashine, bila majina yenu. Barua yangu ya pili kwa kamati ya ununuzi itakwenda mwisho wa mwezi, na safari hii nataka iwe na jedwali.